Nilikula kumbikumbi, midomo ikawasha: ni kinyaa, ni dini au ni mwili wangu?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 22, kwetu ni Lamu, lakini nasoma Malindi na nimepanga chumba na mwenzangu wa Marafa. Mvua za Aprili zilipoanza alikusanya kumbikumbi, akawakaanga kwa chumvi, akanikaribisha. Nilifumba macho nikala, na kusema kweli nilipenda. Tangu siku hiyo nimekuwa gumzo. Darasani wavulana wengi wanasema wangejaribu, wasichana wanasema hawawezi hata kutazama, na mmoja aliniambia hicho ni chakula cha watu wa njaa. Kaka yangu anasema ni haramu. Wengine wanasema wadudu wana protini mara tatu ya nyama na ndio chakula cha kesho, tena kuna kikundi cha vijana kinanitaka tufuge nyenje tuuze. Sijui nisimame wapi. Hiki kinyaa kinatoka wapi, na nikiendelea kula kuna ubaya? Halafu jambo dogo: mara ya pili nilipokula, midomo iliniwasha na koo likawa kama limebana, ikaisha baada ya saa moja. Mama anasema hata utotoni nilikuwa natoka vipele nikila kamba, ni damu tu."*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuweke sawa: mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari wa tiba, na tofauti hiyo utaiona ina maana hapa chini. Umeuliza kuhusu kinyaa, dini na biashara, kisha mwishoni ukaongeza mistari michache ukaiita jambo dogo. Mimi naanza na hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikuandikie siku ileile. Midomo kuwasha na koo kubana baada ya kula kumbikumbi, kwa mtu ambaye kamba walimtoa vipele utotoni, si jambo la kuachiwa damu. Dalili hizo zinafanana mno na mzio, ule tunaouita aleji. Mpaka upimwe, nakuomba usile tena kumbikumbi, senene, nzige wala mdudu mwingine yeyote. Kamba, kaa na uduvi nao uwaweke kando kwa sasa, hata kama siku hizi unakula wachache na huoni kitu.

Utashangaa: kamba ni wa baharini, kumbikumbi ni wa kichuguuni, vipi wanaingia kapu moja? Siku mama akimenya kamba, mtazame vizuri mmoja kabla hajaingia chunguni. Ana gamba nje badala ya mifupa ndani, mwili wa mapingili, miguu ya viungo vingi, na sharubu ndefu mbele. Ukiondoa bahari, umemweleza panzi. Wataalamu wa viumbe wanawahesabu kuwa ni jamaa wa ukoo mmoja wa kale, na gamba lao limejengwa kwa kitu kilekile kinachoitwa kitini. Lakini kinachokuhusu wewe kimo ndani ya misuli yao: protini iitwayo tropomiosini. Sisi binadamu pia tunayo, ila ya kwao ina umbo jingine. Kwa mtu mwenye mzio wa kamba, kinga ya mwili iliwahi kuiona protini hiyo ikaidhania ni adui, ikaikariri sura. Siku kumbikumbi anapoingia mdomoni, kinga inaona sura inayokaribia kuwa ileile, na seli zake zinamwaga histamini. Hiyo histamini ndiyo inayowasha midomo, kuvimbisha ulimi, kutoa mabaka kwenye ngozi na, ikizidi, kubana njia ya hewa.

Mara ya kwanza hukutaja kuwashwa kokote. Hilo lisikutulize. Mzio unaweza kunyamaza leo ukasema kesho, na ukali wa mara moja haukwambii ukali wa mara inayofuata. Kuwakaanga sana hakusaidii, kwa kuwa tropomiosini huvumilia moto. Wala si lazima mtu awe amewahi kudhurika na kamba. Utitiri wa vumbi unaojificha kwenye magodoro yetu ya pwani yenye unyevu, na hata mende, wana protini za namna hiyo, na wapo watu ambao kinga yao ilianza kukosea huko. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ulipoanza kuruhusu wadudu wa kuliwa kuanzia mwaka 2021, ulitaka pakiti ziandikwe onyo kwa wenye mzio wa kamba, konokono wa baharini na utitiri wa vumbi.

Sasa kuhusu hospitali. Nenda umwone daktari wiki hii, ukiwa mzima, umweleze ulichokula, kiasi gani, baada ya dakika ngapi ulianza kuwashwa na ilichukua muda gani kuisha. Yaandike leo kabla hujasahau. Anaweza kukuelekeza kwenye kipimo cha ngozi au cha damu, ambacho mara nyingi kitakulazimu ufike hospitali kubwa za Mombasa. Usijipime mwenyewe nyumbani kwa kula kidogo kidogo uone. Na siku yoyote ukipata mabaka pamoja na sauti kukwaruza, kifua kulia mluzi, kutapika au kizunguzungu, hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini inayochomwa kwenye paja. Vidonge vya kuwashwa vinatuliza ngozi, lakini havifungui koo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kwenu ni visiwani. Ukiwa Lamu mjini, Hospitali ya King Fahad iko karibu. Ukiwa umekwenda Kiwayu kwa jamaa, usiku, maji yamekupwa na boti imekaa mchangani, dakika zile hazikusubiri.

Nikishakuomba hayo, naweza kurudi kwenye ulichoniuliza.

Kinyaa hatuzaliwi nacho. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huokota chungu sakafuni akamtia mdomoni bila wasiwasi, na anachofanya baadaye ni kusoma nyuso za wakubwa zake. Mama akikunja uso, mtoto anajifunza. Mwanasaikolojia Mmarekani Paul Rozin na wenzake walitoa mwaka 1986 matokeo ya jaribio ambalo napenda kulisimulia darasani: walitumbukiza mende mkavu, aliyeuliwa vijidudu vyote, ndani ya glasi ya juisi, wakamtoa, wakawauliza watu kama wangeinywa. Watu waliikataa, ingawa waliambiwa hakuna uchafu wowote. Kinyaa hakipimi usafi. Kinauliza kitu hiki ni cha aina gani, kimegusana na nini, na watu wangu wangekionaje.

Na lugha yetu inakiongezea nguvu. Neno "mdudu" tumelijaza mende wa chooni, funza wa kidonda, kirusi cha homa, na kumbikumbi wa watu, wote kapu moja. Kamba hatumwiti mdudu. Nenda sokoni Lamu utazame uduvi wanavyouzwa kwa kikombe, wakavu, wekundu wekundu. Tunawala wazima, na kichwa, na miguu, na yale macho meusi madogo kama punje za pilipili manga, tukawapika kwa nazi tukalamba vidole. Hakuna anayefumba macho. Uduvi tulikutana nao kwenye sahani za mama na nyanya zetu kabla hatujajua kuogopa, basi.

Mimi nilikulia Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha jioni, nyanya yangu alitundika kandili uani na chini yake akaweka beseni la maji. Walikuja kwa mamia. Walizunguka taa, wakaanguka majini, mabawa yao yakabaki yakielea kama maganda ya vitunguu. Asubuhi aliwaanika kwenye jamvi, akawapepeta kwa uteo mpaka mabawa yote yakaruka na upepo, kisha akawatia kwenye kikaango kikavu. Hakuongeza mafuta. Kikaango kilianza kung'aa chenyewe, na harufu ilikuwa ya karanga zinazoanza kuiva. Nilikula viganja kwa viganja. Kisha nikaenda shule ya bweni, na wiki ya kwanza tu msichana mmoja aliuliza kwa sauti nani kwao wanakula wadudu. Sikujibu. Nilinyamaza hivyo miaka minne, na likizo ya Aprili nyanya aliponiletea sahani nilimwambia nimeshiba. Lile halikuwa kinyaa, mwanangu. Mdomo wangu ulikuwa unawataka. Ilikuwa aibu, na bado inaniuma nikikumbuka alivyoifunika ile sahani.

Nimekusimulia hayo kwa sababu darasani kwenu vitu hivi viwili vimechanganyika. Rafiki yako asiyeweza hata kutazama ana kinyaa. Hana kosa, asilazimishwe wala asichekwe. Aliyekuambia ni chakula cha watu wa njaa anasema jambo jingine: anapanga watu madaraja kwa sahani zao. Tena amekosea. Bukoba, ng'ambo huko Tanzania, senene ni kitoweo cha heshima, watu hutumiana kama zawadi, na Kampala msimu wake ukifika bei ya kilo huweza kuipita nyama ya ng'ombe. Magharibi mwa Kenya kumbikumbi huuzwa sokoni kwa vipimo kama dagaa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilikadiria watu wapatao bilioni 2 duniani wana wadudu kwenye mlo wao, na aina zinazoliwa kuwa zaidi ya 1,900. Hawa si watu wa njaa wote.

Huo mgawanyiko wa wavulana na wasichana haukuanza kwenu. Tafiti za vijana katika nchi nyingi zimekuta wanaume wanasema kwa wepesi zaidi kwamba watajaribu. Sehemu yake naamini ni ujasiri wa mdomo. Mwenye kusema "ningejaribu" mbele ya wenzake na mwenye kutafuna ni watu wawili. Kinachobashiri vizuri zaidi ni kama mtu amewahi kuonja. Kingine ni umbo: vijana wengi wanaokataa nyenje mzima mwenye macho hukubali biskuti iliyochanganywa unga wake. Na hotuba za mazingira hazisogezi watu sana. Kijana hali chakula kwa sababu ameambiwa kitaiokoa dunia. Anakula kwa sababu ni kitamu na amemwona mtu anayempenda anakila. Wewe mwenyewe hukula kwa sababu ya hewa ukaa, ulikula kwa sababu mwenzako wa chumbani alikukaribisha.

Wala usidhani kinyaa ni cha wasiosoma au wa pwani peke yetu. Malindi tumejaa Waitaliano, na kwao mwaka 2023 unga wa nyenje ulizua mjadala mkali hata serikali ikatoa kanuni za kutaka vyakula vyenye unga huo viandikwe wazi. Walikuwa wanailinda tambi yao kama sisi tungelinda wali wa nazi.

Kaka yako tumsikilize kwa heshima, kwa sababu swali lake si la kinyaa. Mimi si shekhe, nitakuambia tu ninachojua. Nzige ni halali, kwa hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar kwamba tumehalalishiwa maiti wawili, samaki na nzige. Hata kuchinjwa hawahitaji. Kumbikumbi na wadudu wengine ni jambo jingine. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, wadudu wa ardhini kwa jumla huhesabiwa kuwa haifai kuwala, na Wamaliki, wafuasi wa madhehebu mengine ya Kiislamu, wana mlango mpana zaidi. Kwa hiyo kaka yako ana msingi kuhusu kumbikumbi, ingawa angesema "wadudu wote ni haramu" angekuwa amepita mpaka. Lamu haina uhaba wa wanazuoni. Muulize mmoja unayemwamini, na umtajie mdudu kwa jina, usiseme "wadudu" tu. Mwenzako wa Marafa, kama ni Mkristo, kwake hilo halimbani. Yohana Mbatizaji mwenyewe chakula chake kilikuwa nzige na asali ya mwitu. Mnaweza kuishi chumba kimoja vizuri na vyungu viwili.

Hiyo protini mara tatu ya nyama inanikera kidogo, kwa sababu wanaoisema wanalinganisha kitu kikavu na kitu kibichi. Nyenje waliokaushwa wakasagwa huonyesha protini kama asilimia 60. Nyama mbichi ya ng'ombe ni kama asilimia 20, lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ikaushe hiyo nyama isiyo na mafuta mpaka iwe kama kuni, na protini yake itapita asilimia 70. Nyenje mbichi naye yuko karibu na 20 ileile. Halafu maabara hupima naitrojeni, wakaizidisha kwa 6.25 kupata protini, na kitini cha gamba nacho kina naitrojeni ilhali si protini. Watafiti wamependekeza kwa baadhi ya wadudu kizidishi cha 4.76, na hapo ile 60 inashuka hadi 46 hivi. Bado ni chakula kizuri sana. Nyenje wana chuma, zinki na vitamini B12, na kumbikumbi wana mafuta mengi yanayomfaa mtoto aliyedhoofu. Lakini si muujiza, na wewe usiyeweza kuwala hukosi kitu. Dagaa, kunde, pojo na kipande cha jodari vinakutosha.

Kwa yule asiye na mzio, ubaya ni wa kawaida wa chakula chochote. Mabawa na miguu yenye miiba ya nzige na panzi itolewe, kwa sababu inaweza kuziba tumbo. Wachemshwe kwanza, kisha wakaushwe kabisa, maana unyevu wa Malindi huotesha ukungu kwenye gunia ndani ya siku chache. Kumbikumbi wa kichuguu kilichopuliziwa dawa ya mchwa wasiguswe. Ndivyo ilivyokuwa kwa nzige walioingia Kenya mwishoni mwa 2019: walipuliziwa sumu, na kuwala kukawa hatari.

Kikundi cha vijana sina neno baya nacho. Nyenje wanapenda joto la nyuzi 28 hadi 32, ambalo Malindi tunalo bila kuchoma mkaa, wanakua ndani ya miezi miwili hivi, wanajificha kwenye treya za mayai na wanakula mabaki ya mboga pamoja na chakula cha vifaranga. Hicho cha vifaranga ndicho kinachokula faida, kwa hiyo wapige hesabu yake kabla ya kununua makreti. Shirika la viwango la Kenya lilitoa mwaka 2020 kiwango cha bidhaa za wadudu wa kuliwa, wakisome. Na kabla ya yote wajue nani atanunua. Hapo Gede mradi wa Kipepeo umekuwa ukiwatafutia soko watu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa pupa zao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, tangu 1993, na umedumu kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walikuwepo, wenye kujulikana. Soko la nyenje wa kuliwa na watu Malindi kwa sasa ni dogo. Mfuga kuku huenda ndiye mteja wa kwanza.

Ila wewe usiingie bandani. Vumbi la magamba na kinyesi cha nyenje huingia puani, na watu wanaofuga wadudu hupata pumu na mafua ya mzio kwa njia hiyo hiyo, hata bila kula. Mwenye midomo iliyowasha kama yako yuko karibu zaidi na shimo hilo. Kama unakitaka kikundi, kamata daftari la hesabu au kazi ya kutafuta wateja, ukae mbali na kuchekecha na kusaga, mpaka daktari akuambie vingine.

Leo jioni mwambie mwenzako wa chumbani yaliyokupata, kwa sababu nadhani hajui. Akikaanga tena mvua za vuli zikija, akaange nje, na kikaango chake kisipikie chakula chako. Mfundishe pia zile dalili za dharura na mweke nambari ya bodaboda wa karibu ukutani. Na mama yako mpigie simu umuulize hasa vile vipele vya kamba vilianza ukiwa na umri gani, na kama uliwahi kukohoa au kutapika siku hizo. Daktari atakuuliza hayo, na wa kukumbuka ni yeye.